Kiini cha picha (upigaji picha)

Kiini cha picha, katika upigaji picha, ni mtu, mnyama, kitu, mahali au tukio ambalo mpiga picha amekusudia lionekane kabla ya vingine vyote. Kila kilichobaki ndani ya fremu, kama vile ukuta, anga, wapita njia au kivuli cha mti, ni mandharinyuma au vitu vya pembeni. Kazi yake ni kukisaidia kiini, au angalau kutoshindana nacho. Picha inaweza kuwa na rangi nzuri na kupigwa kwa kamera ya bei kubwa, lakini mtazamaji asipojua atazame nini ataipita upesi. Kinyume chake, picha nyingi zilizodumu miaka mingi zina kasoro za kiufundi ambazo watu wamezisamehe kwa sababu ya kile kilichomo.

Maana

Kiini hakina budi kutofautishwa na mada. Mada ni jambo ambalo picha inalizungumzia, mathalani ujana, umaskini au uzee; kiini ni kile kinachoonekana kwa macho. Picha ya viatu vilivyochakaa vilivyoachwa mlangoni ina viatu kuwa kiini chake, na mada yake inaweza kuwa safari, kazi au msiba, kutegemea nani anaitazama na ameambiwa nini kuihusu. Kiini kikiwa ni binadamu huweza kuitwa mhusika, kama ilivyo katika fasihi. Neno hilo linafaa kwa sababu linakumbusha kwamba mtu aliyepigwa picha ana habari yake mwenyewe iliyoanza kabla kamera haijafika.

Kosa la kawaida zaidi kwa wanaoanza ni kutaka kuingiza kila kitu. Katika picha za mahafali, kwa mfano, mpiga picha hurudi nyuma hadi jengo lote la shule, mlingoti wa bendera na bustani viingie. Mhitimu mwenyewe, ambaye ndiye sababu ya picha, anabaki na ukubwa wa punje ya mchele. Miaka 20 baadaye familia itatafuta uso wake, si paa la bwalo.

Kiini na maendeleo ya kamera

Kwa muda mrefu chombo chenyewe ndicho kilichoamua nini kiweze kuwa kiini. Picha ya zamani zaidi ya kamera iliyodumu mpaka leo, ya Mfaransa Nicéphore Niépce, ni ya mwaka 1826 au 1827. Inaonyesha kuta na mapaa tu, kutoka dirishani kwake. Mwanga ulihitaji kuingia kwa saa nyingi, kwa hiyo kiini kilipaswa kuwa kitu kisichoondoka.

Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple jijini Paris akiwa juu ya jengo. Barabara hiyo ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini kwa kuwa wote walikuwa katika mwendo hawakuacha alama yoyote. Aliyeonekana ni mtu mmoja aliyesimama pembeni akisafishiwa viatu. Kwa kadiri inavyofahamika, huyo ni miongoni mwa binadamu wa kwanza kabisa kuonekana katika picha ya kamera, na jina lake halijulikani. Daguerre hakumkusudia. Hata hivyo, kila anayeitazama picha hiyo leo humtafuta yeye, na mapaa yaliyojaa fremu huyapuuza.

Katika studio za kwanza za miaka ya 1840 wateja walikaa kimya huku vichwa vyao vikishikiliwa kwa nyuma na kifaa cha chuma ili visitikisike. Ndiyo sababu nyuso za wakati huo zinaonekana ngumu. George Eastman alipoanza kuuza kamera ya Kodak mwaka 1888, ikiwa na filamu ya kutosha picha 100, kiini kilihama kutoka kwa watu wenye uwezo wa kulipia studio kikaenda kwa watoto wachanga, mbwa wa nyumbani na matembezi ya Jumapili. Kamera ndogo ya Leica, iliyoingia sokoni mwaka 1925, iliongeza jingine: mwendo.

Mfano maarufu wa mwendo kuwa kiini unahusiana na Afrika. Mpiga picha Mhungaria Martin Munkácsi alipiga picha ya wavulana watatu wakikimbilia mawimbi, wakionekana kwa nyuma kama vivuli vyeusi mbele ya maji meupe. Picha hiyo hujulikana sana kwa jina la Ziwa Tanganyika, ingawa machapisho mengine huiandikia Liberia. Nyuso za wavulana hazionekani hata kidogo. Kiini ni furaha ya miili yao, mikono na miguu ikiwa imekaa mahali ambapo sekunde moja baadaye isingekuwapo tena. Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliiona mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kwa maelezo yake mwenyewe ndiyo iliyomfanya aingie barabarani na kamera. Picha yake ya mwaka 1932 iliyopigwa nyuma ya kituo cha reli cha Saint-Lazare, Paris, inaonyesha mtu akiruka dimbwi la maji. Mtu huyo haonekani vizuri. Kinachomshika mtazamaji ni kisigino ambacho bado hakijagusa maji.

Jicho la mtazamaji

Mwanasayansi Mrusi Alfred Yarbus alipima miondoko ya macho ya watu waliokuwa wakitazama nakala ya mchoro wa Ilya Repin unaoonyesha mwanamume anayeingia nyumbani bila kutarajiwa. Macho hayakuzunguka fremu yote kwa usawa. Yalirudi tena na tena kwenye nyuso za watu waliochorwa, na sehemu kubwa za sakafu na kuta hazikuguswa kabisa. Alipowapa watazamaji swali, kwa mfano kukisia umri wa watu hao au hali ya mali ya familia, njia ya macho ilibadilika kulingana na swali.

Mambo mawili yanafuata kutokana na hayo. La kwanza ni kwamba uso wa binadamu, hata ukiwa mdogo na uko pembeni, hushindana na kiini kingine chochote. Anayepiga picha ya mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar akaacha mtoto achungulie dirishani, asishangae watu wakizungumzia mtoto badala ya nakshi. Maandishi nayo huvuta jicho kwa nguvu: bango la soda nyuma ya bibi harusi litasomwa na kila mtu. La pili ni kwamba maelezo ya picha, yale yanayoandikwa chini yake, yanaweza kuhamisha kiini kutoka upande mmoja wa fremu kwenda mwingine bila picha yenyewe kubadilika.

Kukitenga kiini

Njia za kukifanya kiini kionekane ni chache na za zamani: kukisogelea, kukiweka penye mwanga kuliko vilivyokizunguka, kukipa mandharinyuma tulivu, na kukiacha kiwe kikali huku vingine vikififia. Kufifia kwa mandharinyuma hupatikana kwa kufungua tundu la lenzi, kwa kutumia lenzi ndefu au kwa kumsogelea mhusika. Simu za siku hizi hufanya hivyo kwa programu, na mara nyingine hukosea zikafifisha masikio au nywele. Kanuni ya theluthi, inayoshauri kiini kisiwekwe katikati kabisa bali kwenye mstari unaoigawa fremu katika sehemu tatu, ni ya tangu wachoraji. Mwingereza John Thomas Smith aliiandika katika kitabu mwaka 1797. Ni msaada kwa wanafunzi, lakini picha nyingi nzuri za watu zimewaweka wahusika katikati kabisa na hazikuharibika.

Ukaribu ndio huleta tofauti kubwa kuliko yote. Nick Brandt, Mwingereza anayejulikana kwa picha za wanyama wa Afrika Mashariki, alikataa lenzi ndefu ambazo wapiga picha wa mbugani huzitegemea. Aliwasubiri tembo na simba wakaribie, kisha akawapiga kwa namna watu wanavyopigwa studioni, pamoja na anga na nchi waliyomo. Matokeo ni kwamba tembo wa Amboseli anaonekana kama mzee fulani mwenye habari zake, wala si mfano wa jamii ya tembo.

Picha ya Dorothea Lange inayoitwa Mama Mhamiaji inafaa kuchunguzwa hatua kwa hatua, kwa sababu picha za kabla yake zimehifadhiwa. Mwaka 1936, wakati wa mdodoro mkubwa wa uchumi, Lange alikuwa ameajiriwa na serikali ya Marekani kupiga picha za hali ya wakulima. Katika kambi ya wavuna njegere huko Nipomo, California, alimkuta mama wa miaka 32 aliyekaa na watoto wake chini ya hema. Katika picha za mbali zinaonekana hema lote, vyombo, sanduku na binti mkubwa aliyekaa kwenye kiti. Ni picha za kambi. Kadiri Lange alivyosogea, vitu viliondoka kimoja kimoja. Katika picha ya mwisho hema limekuwa kitambaa tu, watoto wawili wameegemea mabega ya mama na kuficha nyuso zao, mchanga amelala mapajani. Kwa kuwa nyuso za wale wawili hazionekani, jicho halina pa kwenda ila kwenye uso wa mama, mkono ukiwa shavuni. Baadaye Lange aliagiza kidole gumba kilichoshika nguzo ya hema, pembeni kabisa mwa picha, kifutwe kwenye negativu. Aliona kinashindana na kiini. Wakubwa wake hawakukipenda kitendo hicho, na si bure: kidole kile kilikuwepo kweli.

Vitu vya kawaida

Si lazima kiini kiwe adimu. Mwezi Agosti 1930 Mmarekani Edward Weston alipiga mfululizo wa picha za pilipili hoho. Picha ya 30, iliyo mashuhuri kuliko nyingine, inaonyesha hoho moja iliyojikunja, ikiwa imewekwa ndani ya faneli ya bati. Bati lile liliuzungusha mwanga mpaka kila mkunjo ukapata upande mweupe na upande mweusi, na mwanga ukaachwa uingie kwa dakika kadhaa. Watazamaji wengi huona mgongo wa mtu au watu wawili waliokumbatiana. Hoho ni ile ile inayouzwa sokoni kwa fungu. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja aliitazama kwa siku kadhaa mfululizo. Somo hili huwafaa hasa wanafunzi wanaolalamika kwamba mahali wanapoishi hapana cha kupigwa picha.

Studio za Afrika

Katika studio za mijini barani Afrika mhusika hakuwa mtu wa kusubiri kupigwa tu. Alichagua aonekane vipi. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Kitambaa chake cha kwanza cha kuning'iniza nyuma ya wateja kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Wateja waliweza kuazima suti, saa, kalamu za wino, redio, hata kukaa kwenye skuta. Filamu ilikuwa ghali, hivyo kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu, baada ya kumgeuza bega na kumpanga mikono. Maua ya kitambaa cha nyuma mara nyingi hukutana na maua ya gauni, jambo ambalo vitabu vya kufundishia hulikataza kwa kuwa linachanganya kiini na mandharinyuma. Kwa Keïta halikudhuru, kwa sababu uso na mikono imetulia katikati ya vurugu ile ya maua.

Malick Sidibé, wa mji huo huo, aliitoa kamera studioni akaipeleka kwenye dansi za vijana. Picha yake ya usiku wa Krismasi mwaka 1963 inaonyesha kijana na msichana wakicheza, vichwa vimeinama na kukaribiana, msichana akiwa pekupeku. Hakuna anayeitazama kamera. Mali ilikuwa imepata uhuru mwaka 1960, na wengi huisoma picha hiyo kuwa inahusu uhuru, ingawa ndani yake hakuna bendera wala kiongozi. Mwaka 2007 Sidibé alitunukiwa Simba wa Dhahabu wa maonyesho ya Venice kwa kazi ya maisha yake.

Zanzibar nayo ilikuwa na studio zake, ikiwemo Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe. Kuta zake zimejaa nyuso za mji kwa vipindi vya usultani, mapinduzi na baadaye.

Picha za magazeti

Magazeti ya Afrika Mashariki yana aina moja ya picha inayojirudia karibu kila siku: kiongozi akikata utepe, akiweka jiwe la msingi au akipokea hundi ya mfano, na chini yake maelezo yanayotaja nani ni wa pili kutoka kulia. Kiini rasmi ni kiongozi. Jambo lenyewe, yaani kisima, zahanati au darasa, limezibwa na migongo. Picha ya mama anayekinga ndoo ya kwanza kwenye bomba hilo ingewaeleza wasomaji zaidi, lakini ingempasa mpiga picha abaki pale baada ya msafara kuondoka, na mara nyingi amekuja kwa gari la msafara.

Uzito wa kuchagua kiini ulionekana Oktoba 1984. Habari za njaa ya Ethiopia zilikuwa zimekwisha kutolewa kwa maneno na takwimu bila kuitikisa dunia. Mpiga picha Mkenya Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na kuanzisha kampuni yake ya Camerapix huko mwaka 1963, alifika Korem pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC. Kamera yake ya filamu ilikaa kwenye nyuso: wazee, akina mama, watoto, mmoja baada ya mwingine. Baada ya kurushwa tarehe 23 Oktoba, ripoti hiyo ilionyeshwa na vituo vingi duniani, ikaleta misaada mikubwa na hatimaye matamasha ya Live Aid ya tarehe 13 Julai 1985.

Mara nyingine kiini si kitu kimoja bali ni uhusiano baina ya viwili. Picha ya Kevin Carter wa Afrika Kusini, iliyopigwa Sudan mwaka 1993, ina mtoto aliyeinama chini kwa udhaifu wa njaa na tumbusi aliyetua nyuma yake. Ukimfunika tumbusi kwa kidole, inabaki picha ya huzuni kama nyingine za njaa. Ukimfunika mtoto, inabaki picha ya ndege. Wasomaji wa gazeti la New York Times lililoichapa waliuliza mtoto yule alipatwa na nini, na gazeti likalazimika kuchapisha maelezo. Carter alipewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1994, akajiua mwezi Julai mwaka huo huo.

Ngozi nyeusi na kipimo cha mwanga

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kwamba kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au anga angavu, kamera huona mwanga ni mwingi, huupunguza, na uso hutoka kama kivuli. Ngozi hiyo hiyo ikijaza fremu nzima, kamera huongeza mwanga kupita kiasi na uso hupauka. Dawa yake ni kupima mwanga usoni, si kwenye fremu yote. Kwenye simu nyingi inatosha kugusa uso kwenye kioo. Tatizo hili lilikuwa kubwa zaidi enzi za filamu za rangi. Kwa miaka mingi maabara zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na nyuso nyeusi zilipoteza maumbo yake. Waliotoka vibaya kwenye picha za darasa waliambiwa ni wao wasiopigika vizuri.

Jua la utosini la saa 6 mchana huweka vivuli ndani ya macho ya kila mtu, mweusi kwa mweupe. Chini ya mwembe au kwenye baraza uso hutoka vizuri zaidi, vivyo hivyo kabla ya saa 3 asubuhi na baada ya saa 10 jioni.

Picha zisizo na kiini dhahiri

Wapo wanaokusudia kutokuwa na kiini. Picha ya mto Rhine ya Mjerumani Andreas Gursky, ya mwaka 1999, ni mistari ya ulalo tu: majani, njia, maji, majani tena, na anga ya kijivu. Gursky aliondoa kwa kompyuta watu na jengo lililokuwa ng'ambo. Mwaka 2011 nakala yake iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 4.3 za Marekani. Inafaa kuonwa kubwa ukutani. Kwenye kioo cha simu haisemi mengi.

Haki za mhusika

Picha hunufaika na mhusika, lakini mhusika hanufaiki kila mara. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 ziliuzwa kadi za posta nyingi zenye picha za watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Maelezo yake kwa kawaida yalitaja kabila au kazi bila jina, kana kwamba mtu ni sampuli. Leo picha ya mtu anayetambulika huhesabiwa kuwa taarifa yake binafsi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kuomba ruhusa kabla ya kupiga hubadilisha uso wa mhusika kwa dakika chache, na wapiga picha wengi hulalamikia hilo. Wakiendelea kukaa naye na kuzungumza, uso hurudi.

Dorothea Lange hakumwuliza mama wa Nipomo jina lake. Picha ilipochapishwa San Francisco, serikali ilipeleka chakula kambini, lakini familia ile ilikuwa imekwisha kuondoka. Jina lake, Florence Owens Thompson, lilijulikana mwaka 1978 alipopatikana na mwandishi wa gazeti. Alisema aliahidiwa kwamba picha hazitauzwa, na kwamba hakuwahi kupata hata senti moja. Kwa kuwa ilikuwa mali ya serikali, picha ilichapishwa na yeyote aliyetaka. Alipougua sana mwaka 1983 watoto wake waliomba msaada hadharani wakimtambulisha kwa picha hiyo, na watu walituma zaidi ya dola 30,000. Alifariki mwezi Septemba mwaka huo huo.